Kunde kumi na mbili zilizogeuka sitini

Mjukuu wangu aliletwa kwangu Muheza siku ya tisa tangu mama yake ajifungue. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Juni, baba yake akampandisha basi kutoka Tanga mjini na begi la shule mgongoni. Mama yake, binti yangu wa tatu, alikuja kujifungulia nyumbani kama desturi yetu ilivyo, na alikuwa akae mpaka arobaini itimie. Kwa hiyo siku zote nitakazozitaja humu ni siku za uzazi: siku ya tisa, ya kumi na nne, ya ishirini na mbili. Mtoto mchanga ndiye aliyekuwa kalenda ya nyumba.

Huyu dada yake ana miaka sita na nusu, yuko Darasa la Kwanza. Mimi nilifundisha Darasa la Kwanza na la Pili kwa miaka 31 kabla sijastaafu. Yeye huniita Bibi, mimi humwita mke mwenzangu.

Jioni aliyofika, mama yake alitaka nisikie maendeleo. "Msomee Bibi tano tano." Mtoto akasimama wima, mikono nyuma, akaanza: tano, kumi, kumi na tano, ishirini, mwili ukiyumba kulia na kushoto, sauti ikipanda mwisho wa kila namba. Akafika mia bila kukwama hata mara moja. Wageni waliokuja kumwona mzazi wakapiga makofi. Nikampa hongera yake, kwa kuwa alistahili, nikangoja wageni waondoke. Kisha nikachota kunde kidogo kwenye ungo, nikazimwaga kwenye mkeka mbele yake.

"Mke mwenzangu, nihesabie hizi tano tano."

Akagusa kunde ya kwanza kwa kidole cha shahada, akasema, "Tano," akaisogeza kushoto. Akagusa ya pili: "Kumi." Ya tatu: "Kumi na tano." Alikuwa makini sana, hakuruka hata moja, hakugusa moja mara mbili. Kunde ya kumi na mbili ilipofika upande wa kushoto akainua uso. "Sitini, Bibi."

Nikamwomba azihesabu tena, safari hii moja moja. Akapata kumi na mbili, sawasawa. Nikamuuliza, "Sasa hapa mkekani ziko ngapi? Kumi na mbili au sitini?"

Hakuzitazama kunde. Alinitazama mimi usoni, kama watoto wanavyofanya wakitafuta jibu ambalo mwalimu analitaka. Halafu akasema, bila wasiwasi wowote, "Kumi na mbili ni ya moja moja. Sitini ni ya tano tano."

Jibu hilo ndilo kisa chenyewe. Katika miaka yangu ya kazi nimesikia watoto wengi wakiimba tano tano mpaka mia, na ninakiri wengi wao niliwaandikia vema na kuendelea na somo lililofuata. Sikuwa nimemwaga kunde mbele ya kila mmoja.

Wengi watasema mtoto amekariri tu, haelewi. Nadhani tukiishia hapo tunamwonea. Tazama alichokifanya mkekani. Mwaka 1978 watafiti Rochel Gelman na Charles Gallistel walieleza kanuni ambazo mtoto huzishika anapojifunza kuhesabu, na mojawapo ya kwanza ni hii: kila kitu kipewe jina moja, kisiachwe kitu, wala kisirudiwe. Mjukuu wangu aliishika kanuni hiyo kwa uaminifu wote. Nilipomwambia ahesabu tano tano, alibadilisha majina, kanuni akaiacha palepale. Kosa lake lilitokana na bidii. Mtu aliyefundishwa mwaka mzima kwamba kunde moja ni jina moja, ghafla anaambiwa jina moja libebe kunde tano, na hakuna aliyemwonyesha hizo tano zinakaaje ndani ya jina moja. Alihitaji kwanza kuona fungu kama kitu kimoja, huku akijua kwamba ndani yake mna vitu vitano. Majina alikuwa nayo tayari.

Kesho yake asubuhi, tukichambua mchele, nikapata upande wa pili wa tatizo. Nilimuuliza darasani wanaiitaje hesabu ile. "Tunahesabu kwa kuruka."

"Mnaruka nini?"

"Tunaruka moja, mbili, tatu, nne, tunasema tano. Tena tunaruka sita, saba, nane, tisa, tunasema kumi."

"Na hizo mlizoziruka zimeenda wapi?"

Akafikiri kidogo. "Hatuzitaki."

Nililala na jibu hilo. Mtu akiruka mtaro, kilichomo mtaroni anakiacha mtaroni. Neno letu la darasani lilikuwa limemwambia kwamba moja mpaka nne zinatupwa, kumbe zimo ndani ya tano, zote, hakuna iliyoachwa. Simlaumu mwalimu wake. Mimi mwenyewe nilisema "kuhesabu kwa kuruka" maisha yangu yote ya kazi, na vitabu husema hivyo hivyo. Lakini tangu asubuhi ile, nyumbani kwangu tukasema "kuhesabu kwa mafungu", na neno kuruka tukaliweka kando mpaka atakapokuwa tayari nalo.

Sasa nije kwenye njiti, ambazo sikuzipanga mimi. Babu yake, mzaliwa wa Pangani, tangu siku mtoto mchanga alipozaliwa alikuwa akichomeka njiti moja ya chelewa ya ufagio kila jioni kwenye upenyo wa fremu ya mlango, ili ajue arobaini itatimia lini. Mjukuu alipofika zilikuwa tisa. Siku ya kumi Babu alizitoa, akafunga tano kwa uzi, akafunga nyingine tano, akazirudisha mlangoni mafungu mawili. Akamkabidhi mjukuu kazi: kila jioni kuongeza njiti moja na kusema leo ni siku ya ngapi. Zikifika tano mpya, zifungwe.

Siku ya kumi na moja kulikuwa na mafungu mawili na njiti moja. Mtoto akagusa: "Tano, kumi, kumi na tano." Siku ya kumi na nne, mafungu mawili na njiti nne: "Tano, kumi, kumi na tano, ishirini, ishirini na tano, thelathini." Nilitaka kusahihisha, Babu akanizuia kwa mkono. Akamwambia mtoto, "Kama leo ni thelathini, basi mama yako anatoka baada ya siku kumi. Mwambie afunge mizigo."

Mtoto akatulia. Alijua si kweli. Alishaambiwa kwamba likizo nzima ataimaliza hapa. Akaketi chini, akafungua nyuzi zote mbili, akahesabu njiti moja moja mpaka kumi na nne, kisha akamwomba Babu azifunge tena. Kwa mara ya kwanza hesabu mbili zilikuwa zimegombana mbele yake na yeye mwenyewe akaona ni lazima moja iwe ya uongo. Pale mkekani kumi na mbili na sitini zilikaa pamoja kwa amani kwa sababu kunde hazikuwa na maana kwake. Siku za mama yake zilikuwa na maana.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeanza na mbili. Nilichagua mbili kabla ya tano kwa sababu jicho huona mbili bila kuhesabu. Ukitupa jicho kwenye vitu viwili au vitatu unajua idadi papo hapo; vikifika vitano, watu wengi huanza kuvigawa kichwani au kuvihesabu. Fungu linaloonekana kwa kutupa jicho ni rahisi kuliita kitu kimoja.

Na nyumba yenye mzazi haikosi vitu viwili viwili. Wageni walikuja kila siku, wakavua viatu mlangoni. Tulizipanga ndala pea pea ukingoni mwa baraza, tukazihesabu kwa njia niliyoitumia sana darasani: ya kwanza unaitaja kwa kunong'ona, ya pili kwa sauti. Moja kwa mnong'ono, MBILI kwa sauti. Tatu kwa mnong'ono, NNE kwa sauti. Hakuna kinachorukwa. Kila ndala inatajwa, ila moja inatajwa chini. Baada ya siku mbili nikamwambia anong'one kimoyomoyo, midomo icheze bila sauti. Baada ya siku nne midomo iliacha kucheza yenyewe, na alikuwa akigusa pea kwa mkono mzima: mbili, nne, sita, nane.

Jioni moja alifika kumi na mbili, mkono ukaenda kwenye pea ya mwisho, akasita. Palikuwa na ndala moja. "Kumi na tatu," akasema polepole, akashuka barazani kuitafuta, akaikuta chini ya benchi. Nilifurahi kuliko siku ile ya makofi. Wiki moja nyuma angesema kumi na nne bila kutazama, kwa kuwa wimbo unasema kumi na nne.

Lakini kilichonisaidia zaidi kwenye mbili ni khanga. Wageni walimletea mzazi doti sita. Doti kabla haijakatwa ni kitambaa kimoja, na hapohapo ni khanga mbili, zote mbili unaziona, pindo kwa pindo, maneno mara mbili. Nilimkalisha tukazikata pamoja. Kabla ya kila mkato nilimuuliza, "Hii ni ngapi?" Mwanzo alijibu "moja", halafu akajibu "mbili", halafu, kwenye doti ya nne, akasema, "Ni moja lakini ni mbili." Nikaweka mkasi chini. Mwalimu anaweza kufundisha mwaka mzima asisikie sentensi hiyo.

Siku ya kumi na sita nilikosea, na kosa langu nalieleza kwa sababu nimeliona likifanywa na walimu wengi wazuri. Nilitaka mtoto atumie mwili wake, nikachora uani kwa majivu miraba 30 yenye namba, nikamwambia aende tano tano. Akasimama kwenye 1, akapiga hatua tano, akatua kwenye 6. Akaendelea: 11, 16, 21. Akanitazama, wimbo hauko hivyo. Hakuwa amekosea kitu. Mimi sikumpa mahali pa kuanzia. Nikaongeza mraba kabla ya 1, tukauita nyumbani, ukaandikwa sifuri. Sasa akatua kwenye 5, 10, 15 bila tatizo, na akaupenda mchezo, watoto wa jirani wakaja.

Hata hivyo niliuacha baada ya siku mbili. Kwenye miraba ya uani mtoto anajifunza anatua wapi, hajifunzi amebeba nini. Na tulikuwa tumerudi kulekule kwenye kuruka. Nilimuuliza alipotua kwenye 15, "Umeshahesabu miraba mingapi?" Akanijibu, "Mitatu." Alihesabu miraba aliyoikanyaga. Mchezo huu una faida yake kwa mtoto ambaye fungu limeshamkaa kichwani. Kwake ulikuwa mapema.

Nikarudi kwenye vitu vinavyofungwa na kufunguliwa. Kwa majirani nilipata maganda manane matupu ya kiberiti. Nilimpa bakuli la kunde, akajaza mwenyewe: kunde tano, funga, kunde tano, funga. Ni muhimu ajaze mwenyewe. Ganda lililojazwa na mtu mwingine ni ganda tu, ila alilolijaza yeye anajua lina nini hata likiwa limefungwa. Tukaweka sheria moja: ganda linaguswa kwa kiganja kizima, kunde ya peke yake inaguswa kwa kidole. Anapiga kiganja juu ya ganda, tano. Anapiga la pili, kumi. La tatu, kumi na tano. Akitilia shaka anafungua, anahesabu, anafunga. Siku ya kwanza alifungua karibu kila ganda. Siku ya tatu hakufungua hata moja.

Hapo nikamtegea. Alipokwenda kunywa maji nilitoa kunde moja kwenye ganda la tatu. Akarudi, akahesabu maganda matatu, akasema kumi na tano. Nikamwambia atikise la tatu. Akatikisa, akasikiliza, akafungua: nne.

"Bibi, umechukua!"

"Nimechukua. Sasa ziko ngapi zote?"

Akafunga ganda, akapiga kiganja kwenye mawili ya kwanza, tano, kumi, kisha akamwaga lile la tatu mkekani na kugusa kwa kidole: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Mzazi anayetaka kujua kama mwanawe anaelewa tano tano au anaimba, namshauri afanye mtego huu. Mtoto anayeimba atakuambia kumi na tano huku akiziona nne.

Watu wameniuliza kwa nini sikutumia pesa, maana pesa mtoto anazipenda. Sarafu ya shilingi 500 haifunguki ukaona mia tano zilizomo. Inabidi kuamini. Ganda la kiberiti linafunguka. Pesa ziliingia baadaye kidogo, kwenye machungwa, na hata hapo nilizitumia kwa tahadhari. Saa ya ukutani niliiacha kabisa. Mshale mrefu unasomwa tano tano na ungemfaa, lakini mshale mfupi sisi Waswahili tunausoma kwa namba ya upande wa pili, ukiwa kwenye 7 ni saa moja, na sikutaka kumbebesha mtoto mizigo miwili kwa siku moja.

Siku ya ishirini na mbili, jioni, alikwenda mlangoni kama kawaida. Palikuwa na mafungu manne na njiti moja ya jana. Akachomeka ya leo. Mimi nilikuwa ndani na mzazi, Babu alikuwa kwenye kiti chake, hakuna aliyemsimamia. Nikamwona kwa upande. Kiganja kikagusa fungu la kwanza, la pili, la tatu, la nne, midomo ikisema tano, kumi, kumi na tano, ishirini. Mkono ukaja juu ya njiti ya kwanza iliyo peke yake ukiwa bado umefunguka, ukasimama hewani. Vidole vinne vikajikunja, kikabaki cha shahada. "Ishirini na moja. Ishirini na mbili." Akageuka, akamwambia Babu, "Leo ishirini na mbili," akaenda zake kucheza.

Kwa maoni yangu hapo ndipo hesabu ya tano tano ilipozaliwa kwa mtoto huyu. Kuimba mpaka mia alikuwa nako tangu siku ya tisa. Alichokuwa hana ni kusimama katikati ya wimbo na kubadili hatua, kutoka tano kwenda moja, kwa sababu kitu kilicho mbele yake kimebadilika. Kilichobaki baada ya mafungu, hicho kidogo kisichotosha kufungwa, ndicho kinachopima ufahamu, na mazoezi yetu mengi ya darasani hukikwepa. Tunampa mtoto vitu 20, au 25, au 30, vinavyogawanyika vizuri, na wimbo unamtoa salama kila mara. Njiti za Babu hazikumkwepesha. Katika kila siku tano, nne zilikuwa na mabaki.

Siku iliyofuata nilimpa machungwa. Muheza ukisema machungwa umesema Muheza yenyewe, na kwangu kuna meza ndogo barabarani ambayo jirani yangu anauzia. Machungwa yanapangwa mafungu ya matano, manne chini na moja juu, kila fungu shilingi mia tano. Mtoto alipanga asubuhi nzima. Nilimpa machungwa 38 kwa makusudi. Mafungu saba, akabaki na matatu, akajaribu kuyasimamisha kama fungu, likakataa, moja halikupata pa kukaa juu. "Haya hayajatosha," akasema, akayaweka pembeni. Kisha akahesabu yote: kiganja mara saba mpaka thelathini na tano, kidole mara tatu mpaka thelathini na nane. Nikaona ameuchukua ujuzi wa mlangoni, ameupeleka barabarani bila kuambiwa.

Mchana machungwa mawili yakaongezwa na jirani. Nikamwambia aendelee alipoishia. "Thelathini na tisa," akasema kwa moja. Kwa lingine: "Thelathini na kumi."

Hili linahitaji maneno kidogo, maana ni la lugha yetu wenyewe. Thelathini na kumi ni kosa la mtoto mwenye akili: anajua baada ya tisa ni kumi, anajua thelathini na tisa, anaunganisha. Kiswahili hakimsaidii. Kumi na moja mpaka kumi na tisa zimejengwa wazi, mtoto anaziona zilivyoungana. Lakini makumi yetu tumeyachukua kwenye Kiarabu, na majina mengi hayafanani na namba za chini. Sitini inafanana na sita, sabini na saba, tisini na tisa, kwa kuwa sita, saba na tisa nazo ni za Kiarabu. Ishirini haifanani na mbili, thelathini haifanani na tatu, arobaini na nne hazina udugu masikioni mwa mtoto, wala hamsini na tano, wala themanini na nane. Udugu upo, ila umejificha mahali pengine: thelathini ni ndugu wa theluthi, arobaini ni ndugu wa robo, hamsini ni ndugu wa Alhamisi, themanini ni ndugu wa thumni. Mtu mzima anafurahia kuyajua hayo. Mtoto wa miaka sita hayamsaidii kitu. Anachoweza ni kuyashika majina kwa wimbo na kuyafunga kwenye kitu anachokiona.

Ndiyo maana wimbo nao una kazi yake, na sikutaka auache. Tulichofanya ni kuyapa majina yale miili. Tulizitoa njiti mlangoni, mafungu mawili mawili yakafungwa pamoja yakawa kumi. Makumi mawili, ishirini. Makumi matatu, thelathini. Babu akaingilia hapo kwa furaha, akasema kwao Pangani wazee waliita siku kumi mwongo mmoja, wakulima na wavuvi wakihesabu mwaka wao kwa miongo kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili. "Mama yako anakaa miongo minne," akamwambia. Neno mwongo siku hizi tunalisikia zaidi kwa miaka kumi, na mtoto alicheka kwa sababu kwake mwongo ni mtu asemaye uongo. Lakini "miongo minne" ikamkaa. Arobaini ikapata nne ndani yake, ambayo jina lenyewe halikumpa.

Katika siku za mwisho Babu alimfundisha kupanga bao la kujifunza: mashimo 32, kila shimo komwe mbili. Ilimchukua dakika nyingi, na Babu hakumharakisha. Mstari mmoja una mashimo manane, akauhesabu kwa kiganja mpaka kumi na sita. Mstari wa pili akafika thelathini na mbili, akipumzika kidogo baada ya ishirini, kisha akasema amechoka. Mistari miwili ya upande wa Babu hatukuihesabu. Nasema hivi ili msomaji asidhani mtoto alimaliza kila kitu. Mbili mbili kupita thelathini bado ni nzito kwake, tatu tatu hatujaigusa, na ukimuuliza makumi manane ni ngapi analazimika kuanzia kumi, ishirini, mpaka afike. Ana muda.

Kwa walimu wenye darasa kubwa, ambao hawawezi kumkalisha mtoto mmoja mmoja mkekani: kila mtoto aje na ganda moja la kiberiti na kunde tano. Wasimame mstari mbele, kila mmoja ananyanyua ganda lake, darasa linahesabu. Kisha mtoto mmoja asimame na kunde tatu kiganjani, bila ganda. Sikilizeni darasa litasemaje. Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) ulioanza mwaka 2015 uliwapa Darasa la Kwanza na la Pili muda wa kutosha wa kuhesabu. Muda upo, tatizo ni kwamba darasa likiimba vizuri tunadhani limeshafika.

Siku ya arobaini mama yake alitoka. Nyumba ilijaa, ndala mlangoni zikawa nyingi mno kwa mtu yeyote kuzihesabu. Asubuhi ile mtoto alichomeka njiti ya mwisho, akafunga fungu la nane mwenyewe, fundo legelege lakini limeshika. Akapiga kiganja mara nane, akafika arobaini. Akayafunga mafungu yote kwenye kitambaa ili aondoke nayo.

Baba yake alipokuwa akipakia mabegi kwenye basi, mtoto alirudi mbio mpaka kwenye ufagio uliokuwa pembeni mwa mlango, akachomoa njiti moja.

"Ya nini hiyo, mke mwenzangu?"

"Ya kesho, Bibi. Arobaini na moja."